Jicho la Pili la Mama

Mama alikataa kufunguliwa macho. Alikataa mbele ya daktari, mkoba kaupakata, kanga kajitanda vizuri, na daktari akageuka kunitazama mimi, eti nimshawishi. Nimshawishi nani? Huyu ni mama aliyemkatalia marehemu baba kuhamia Geita, na baba hakuhamia.

"Bibi, huo ni mtoto wa jicho tu," daktari akamwambia. "Tunaanza na jicho moja. Likishapona, tunafanya la pili. Utaona tena vizuri."

"Nitaona nini?"

"Utaona watu, bibi. Utawaona watoto wako."

"Watoto wangu wa kiume hawasimami pamoja," mama akasema. "Huyu akija Jumamosi, yule anakuja Jumatatu. Kwa hayo, masikio yananitosha. Siku wakisimama pamoja nitakuja mwenyewe, unifungue."

Tukatoka pale nimekasirika mpaka masikio yanawaka. Yeye ananishika mkono nimwongoze barabarani, hajui mbuzi wala jiwe, na bado anatoa masharti. Nilitamani kumwacha pale getini. Sikumwacha, ni mama yangu.

Basi nijieleze. Mimi ni Paskazia, mpiga picha wa Pasiansi, Mwanza, na hasira hizi ni zangu tangu utotoni, sikuziazima kwa mtu. Tumezaliwa watatu: kaka yangu Machibya, mimi, na Luhende kitinda mimba. Machibya yuko Sengerema, analima pamba na kutunza ng'ombe wa baba. Luhende yeye aliwakimbilia sangara. Miaka ile viwanda vya minofu vilikuwa vinafunguliwa ufukweni kimoja baada ya kingine, minofu inapanda ndege kwenda Ulaya, sisi tunabaki na mapanki, kichwa na mifupa, na bado tunashukuru. Kijana mwenye nguvu na mtumbwi hakukaa nyumbani.

Baba alifariki Luhende akiwa visiwani ananunua samaki. Habari zilimfikia zimechelewa, na alipofika nyumbani akakuta kaburi limeshafunikwa. Akamfokea kaka yake pale pale matangani, kwamba amemzika baba haraka haraka kama anaficha kitu. Machibya si mtu wa maneno mengi. Aliinama, akachota udongo wa kaburi, akaapa mbele ya wazee wa ukoo kwamba siku atakayosimama tena mahali pamoja na Luhende, udongo uliommeza baba ummeze na yeye.

Wazee waliguna. Kiapo cha udongo wa kaburi si mchezo, na Machibya hakukitamka kwa mchezo. Ni mtu anayeweza kubishana na bwana shamba mpaka bwana shamba akapanda baiskeli yake akaondoka, lakini kiapo anakiogopa. Tangu siku ile hakuwahi kukanyaga ninapokaa mimi kabla hajauliza kama Luhende yupo.

Wahenga walisema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Wakipatana, chukua kapu ukavune. Mimi nililima. Nilimtuma mjomba, nikamtuma katekista, nikaenda mwenyewe. Nililima mpaka mpini ukanivunjikia mkononi, na kapu likabaki ukutani linaliwa na mende.

Jioni ile ya hospitali, nikiwa namtolea mama miiba ya samaki kwenye sahani, nikamwuliza, "Na nikikuletea picha yao, wamesimama pamoja?"

Akatafuna kwanza. "Picha ya sasa?"

"Ya sasa."

"Nitakwenda. Picha haidanganyi."

Mwanamke ameishi na mpiga picha miaka yote hiyo, ameona hata mtaro wa maji machafu ukigeuka bustani kwenye picha zangu, halafu anasema picha haidanganyi. Lakini mimi tayari nilikuwa naiwaza kamera yangu.

Kamera ile niliinunua kwa Mukesh, mwenye duka la vifaa vya picha mjini, bidhaa za nje zilipoanza kuingia kwa wingi. Niliuza ile ya zamani ili niipate hii. Ubavuni ina kiswichi kidogo. Kawaida ukishapiga picha moja, filamu inasogea, inangoja nyingine. Ukikigeuza kile kiswichi, filamu haisogei, unapiga ya pili juu ya ya kwanza, na zote mbili zinatoka kwenye karatasi moja. Vijana wa Pasiansi walikuwa wanaipenda sana. Wanakuja kupiga picha ya pacha, mtu mmoja anajishika mkono mwenyewe, anawapelekea wasichana barua na picha hiyo. Siku aliponiuzia, Mukesh alinionya mara mbili. "Dada Paskazia, ukisahau kurudisha hiki, Mwanza nzima itakaa kwenye picha moja."

Machibya alikuja Jumamosi na maziwa mgando kwenye kibuyu. Nikamkalisha studio, nikamweleza.

"Utasimama peke yako, kaka. Luhende hatakuwepo hata mtaani. Nitapiga wewe leo, yeye siku nyingine, kwenye filamu hiyo hiyo. Hamtaonana."

"Na mayu ataona tuko pamoja?" Mama tunamwita mayu tukiwa wenyewe.

"Akishafunguliwa jicho."

Akaitazama kamera, akaitazama sakafu. "Huko ndani ya karatasi kuna ardhi?"

"Hakuna ardhi. Kuna karatasi tu."

Alifikiri mpaka maziwa yakapata nzi. Halafu akauliza kama naweza kumwazima kitana. Nikajua nimempata.

Nilitundika pazia jeusi nyuma, maana kwenye weusi filamu inabaki kama haijaguswa, na yule wa pili anapata pa kukaa. Nikachora alama mbili sakafuni kwa chaki, moja ya Machibya kushoto, nyingine ya Luhende kulia, na nafasi ya kutosha katikati. Machibya alisimama kwenye alama yake na koti la baba. Hakutabasamu. Nilipomwambia nimemaliza, aliondoka haraka na kivuko cha mchana.

Nikamtumia Luhende ujumbe Kirumba, mwaloni wanakoshushia samaki, kwamba kesho yake aje. Jibu likarudi: ameshaondoka kwenda visiwani.

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Machibya alikuwa ndani ya kamera, nusu ya picha, anangoja. Nikigusa chochote, nikipiga mtu mwingine yeyote, atampanda Machibya kichwani. Nikifungua filamu, Machibya anaungua na mwanga, na kumrudisha tena kutoka Sengerema nisahau. Kamera ilikuwa moja. Nikaifunika kitenge pale pale kwenye stendi yake, miguu ya stendi nikaizungushia mawe, na sakafu nikakataa isifagiliwe, chaki isifutike.

Watu wakaanza kuja. Wanafunzi wakataka picha za pasipoti, nikawarudisha. Mzee wa kanisa akaja na koti la suti, nikamrudisha. Bwana na bibi harusi wakatoka Nyegezi na gari lenye maua na tarumbeta, nikatoka mlangoni nikawaambia studio imefungwa. Tarumbeta likanyamaza. Bibi harusi akaniuliza kama kuna msiba.

"Kuna kaka yangu humo ndani," nikasema, "na hatoki mpaka mwenzake aje."

Baada ya hapo ikasemwa mtaani kwamba Paskazia amechanganyikiwa. Mukesh mwenyewe alikuja, akakunja uso alipoona kitenge. "Dada, biashara inakufa. Fungua filamu, uanze upya."

"Wewe uza kamera," nikamwambia. "Ukaidi ninao wa kutosha, sitanunua kwako."

Alicheka, akaenda zake. Mimi sikucheka. Nilikuwa naogopa, naomba niseme kweli. Kila nikimpa mama chakula naona ule weupe machoni mwake umezidi, na daktari alishasema ukikawia sana mambo yanakuwa magumu. Luhende anarudi Kirumba anashusha samaki, anasema kesho, kesho anapakia barafu anaondoka. Niligundua hakuwa na shughuli kiasi hicho. Alikuwa ananikwepa.

Basi nikaenda mwaloni asubuhi, nikasimama pale mitumbwi inapoingia. Alipotokea na kuniona akajifanya anakagua kamba. Nikaingia majini na viatu vyangu, nikashika ukingo wa mtumbwi, maji yako magotini, wachuuzi wananitazama.

"Dada, utalowa."

"Nimeshalowa. Shuka."

"Nina samaki hapa, jua linatoka. Kiwanda hakingoji."

"Baba pia hakukungoja. Na mama naye macho yake hayakungoji. Shuka, Luhende, kabla sijaupindua huu mtumbwi na samaki wako wakaenda walikotoka."

Neno la baba lilimwingia. Akamwachia mwenzake mzigo, akanifuata mpaka Pasiansi. Tulipofika nikamnawisha uso kama mtoto, nikamvisha shati safi, nikaondoa kitenge kwenye kamera.

"Yeye alisimama wapi?" akauliza.

Nikamwonyesha alama ya kushoto.

Luhende akaenda akasimama pale. Akabaki juu ya chaki ile, anaangalia miguu yake. "Alivaa nini?"

"Koti la baba."

"Amezeeka?"

"Sote tumezeeka. Sogea, alama yako ni hiyo ya kulia."

Akasogea hatua. Nikamwambia aongeze. Akasogea kidogo tena, nikaona anautazama mlango, nikaogopa atatoka asirudi. Nikapiga. Sikupima, sikutazama chaki. Nilipiga tu, kisha nikakirudisha kiswichi, nikakaa chini kwenye zile alama na sketi yangu iliyolowa, nikalia kidogo. Luhende alisimama pembeni anakunja mikono ya shati, hajui afanye nini.

Picha nikaisafisha mwenyewe kwenye chumba changu cha giza. Ilipoanza kutokea kwenye maji ya dawa, nikatoa neno ambalo siliandiki hapa. Luhende alikuwa hajasogea vya kutosha. Bega lake limeingia ndani ya bega la Machibya. Vifungo vya shati la mdogo vinaonekana kupitia koti la mkubwa. Na chini, mguu wa mmoja uko ndani ya mguu wa mwingine, juu ya alama ile ile ya chaki.

Kurudia hakuwezekani. Nikajisemea, mama kwa sasa haoni. Akija kuona, jicho litakuwa limeshafunguka, na kilichofunguka kimefunguka.

Nikampelekea. Akaipapasa picha pande zote nne, akamwita jirani yetu, Mama Mihayo, amsomee.

"Ni wao," Mama Mihayo akasema. "Wamebanana kweli kweli." Hapo nami nikakohoa.

Wiki hiyo hiyo mama akaenda hospitali. Jicho la kulia likafunguliwa, likapona vizuri, wakampa miwani ya vioo vinene. Siku alipoivaa nyumbani alinitazama kwanza mimi, kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Paskazia, mbona umenenepa?"

"Asante, mama."

"Lete picha yangu."

Nikaileta. Nilisimama mlangoni, mguu mmoja nje. Mama akaisogeza kwenye dirisha, akaitazama kwa muda mrefu, akafuata na kidole mabega ya wanawe, akashuka mpaka kwenye miguu. Nilingoja anitukane. Hakunitukana. Akaiweka picha mapajani, akavua miwani, akaifuta kwa pindo la kanga, akaivaa tena.

"Hawa hawakusimama pamoja," akasema. "Mmoja anapita ndani ya mwenzake."

"Ndiyo, mama."

"Ulinidanganya."

"Ndiyo. Na ningekudanganya tena. Leo unanitazama."

Nikaona shavu la mama linacheza, nikajua anazuia kucheka. Halafu akasema, kwa sauti ile ile aliyomwambia daktari, "Vizuri. Jicho hili nimelitoa kwa picha. Lile la pili silitoi kwa karatasi. Waambie wanao... waambie ndugu zako waje Jumamosi, wote. Wasipokuja nitabaki chongo, na kila mgeni akiuliza nitamtajia majina yao."

Nilimwambia kila mmoja mwenyewe, kwa maneno hayo hayo ya mama. Sikuongeza, sikupunguza. Jumamosi Luhende alifika wa kwanza, akakaa studio pamoja na mama na mimi. Machibya akaja na kibuyu chake, akasimama uani, akauliza kama kawaida, "Luhende yupo?"

"Yupo," mama akamjibu kutoka ndani. "Njoo mlangoni."

"Mayu, unajua kiapo changu."

"Nakijua, nilikuwepo. Njoo mlangoni tu, usiingie."

Akaja mpaka kizingitini. Hakumtazama mdogo wake. Mama akamnyooshea picha.

"Uliapa kwamba ukisimama mahali pamoja na Luhende, udongo ukumeze. Tazama miguu yako hapo, halafu tazama miguu yake."

Machibya akatazama. Akaisogeza picha karibu, akaisogeza mbali. Akanigeukia mimi. "Paskazia, uliniambia nitasimama peke yangu."

"Ulisimama peke yako. Yeye ndiye aliyekuja kusimama uliposimama wewe. Nilimwambia asogee, hakusogea vizuri."

"Nilitaka kusimama aliposimama," Luhende akasema kutoka kitini. Hatukuwa tumemwuliza. "Kaburini sikupata pa kusimama."

Machibya akakunja uso kama mtu aliyeumwa na jino. Mama hakumpa nafasi.

"Mahali pamoja, mwanangu. Alama moja. Hata mimi na jicho moja naona. Na tangu siku hiyo umelima, umekunywa maziwa, umepanda kivuko, umesimama hapa unanibishia. Udongo umekumeza?"

"Bado," Machibya akasema.

"Basi udongo una akili kuliko wewe."

Nilitaka kusema kitu, nikajiuma ulimi, jambo ambalo si kawaida yangu. Machibya ndiye aliyesema, na alimwambia Luhende, ingawa macho yalikuwa kwenye picha.

"Nilikungoja. Wazee walitaka tumzike asubuhi, nikakataa. Nilikungoja mpaka jua linazama, joto lile, mwili ukaanza kuharibika, wakanilazimisha."

"Hukuniambia," Luhende akasema.

"Ulikuja unafoka. Ningekuambia saa ngapi?"

Luhende akainamisha kichwa. Akafuta pua kwa mkono wa shati, akasimama, akaenda kusimama kwenye ile alama ya kushoto, ambayo hata baada ya siku zote zile ilikuwa inaonekana kidogo, maana sikuwahi kuipigia deki. Akajisogeza upande ili kubaki nafasi.

"Njoo," akamwambia kaka yake. "Udongo ukitumeza, utumeze wote."

Machibya alivua kandambili kizingitini. Sijui kwa nini alivua, sikumwuliza. Akaingia pekupeku, anajaribu sakafu kwa vidole kwanza kama mtu anayevuka mto asioujua, mpaka akafika kwenye chaki. Mabega yao yakagusana. Hakuna aliyemkumbatia mwenzake. Sisi si watu wa kukumbatiana.

"Na mimi nakaa wapi?" mama akauliza.

Nikamwekea kiti mbele yao. Nikatundika pazia, nikawasha taa, nikainamia kamera. Machibya akaniita.

"Paskazia, mashine hiyo imezoea kutuchanganya. Umeirudisha sawa?"

Nikakitazama kiswichi. Hakikuwa sawa. Asubuhi nilimpiga kijana mmoja picha yake ya pacha, na kwa haraka ya kuwangoja hawa nilikuwa nimekiacha vile vile. Nikakirudisha mahali pake, nikavuta filamu mpaka ikafika kwenye picha mpya.

"Sasa iko sawa," nikasema. "Hii napiga mara moja tu."

"Piga basi," mama akasema, "twende hospitali."

Picha ile iko ukutani mpaka leo. Mama anatazama mbele kwa jicho lake moja na miwani yake. Luhende anatazama mbele, macho mekundu. Machibya peke yake hatazami kamera. Anatazama chini, miguuni pake, anangoja aone kama sakafu itafunguka. Wateja wananiuliza kwa nini sikurudia. Sikurudia kwa sababu kabla sijainuka kutoka kwenye kamera, Luhende alikuwa ameshamshika kaka yake mkono.